Mwisho wa mlo wageni wanataja majina nisiyoyajua: nisaidieni vinywaji vya baada ya chakula kwa Kifaransa

Kijana_Pangani:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nimepata kazi ya uhudumu kwenye mgahawa mdogo hapa Colmar, mashariki mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Ujerumani. Kifaransa cha chakula nakimudu: supu, nyama, samaki, jibini, na hata mvinyo nimeanza kuzoea kwa sababu umeandikwa kwenye menyu. Tabu yangu iko mwisho wa mlo. Sahani zikishaondolewa na kahawa ikishafika mezani, wageni wanaanza kutaja vitu ambavyo menyu haina, tena kwa mkato. Mmoja anasema "une poire", wa pili "une petite mirabelle", wa tatu "un marc". Juzi mzee mmoja kaomba "la goutte", na mkewe akaniambia nimletee yeye "un pousse-café". Nyuma ya kaunta kuna safu ndefu ya chupa, nyingi zikiwa na kinywaji kisicho na rangi yoyote, na ukiziangalia kwa mbali zote ni moja.

Mimi situmii kilevi na sina nia ya kuanza, kwa hiyo mkiniambia "onja utajua" hamtakuwa mmenisaidia. Nataka nizijue kwa jina, kwa tunda, kwa matamshi, na nijue mgeni akitaja kitu namwuliza nini cha kufuatia. Bosi ni mtu mwema ila hana muda wa kunifundisha wakati wa kazi. Nani amewahi kufanya kazi hii?

Bibi_Kaunta:

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimezeekea kwenye winstub za huku Alsace, vile vilabu vya zamani vya mvinyo vyenye meza za mbao, na hizo chupa zisizo na rangi ndizo ninazozipenda kuliko zote kwenye kaunta. Kutokunywa hakukuzuii chochote. Wapo wahudumu wanaokunywa vizuri tu na hawajui quetsche ni tunda gani.

Tuanze na digestif, tamka "dijestif". Hilo ni jina la wakati: chochote kinachonywewa baada ya kula ni digestif, na kinachotangulia chakula ni apéritif. Pousse-café ni digestif inayofuata kahawa. Kwa hiyo yule mama aliyekuomba pousse-café alikuwa bado hajakuambia anataka nini. Hapo unamtajia chupa mbili tatu achague: "Nous avons une mirabelle, une poire, un marc de gewurztraminer."

Sasa zipange chupa zako mafungu mawili kichwani.

Fungu la kwanza ni eau-de-vie, "odvi". Tunda lenyewe linachachushwa, halafu linapikwa kwenye mtambo wa shaba uitwao alambic. Mvuke unapita kwenye bomba, unapozwa, na kinachodondoka ndicho kinywaji. Nyumbani umesikia watu wakisema gongo linapikwa. Kanuni ni hiyo hiyo. Kazi ya ustadi iko kwenye kukata. Kinachotoka mwanzo kinaitwa la tête, kichwa, nacho hakinyweki, kinawekwa kando. Kinachofuata ni le cœur, moyo, na hicho ndicho kinachouzwa. Mwisho inakuja la queue, mkia, hafifu na yenye harufu nzito. Mpishi mzuri anajulikana kwa pua yake, maana lazima ajue dakika ya kuacha kichwa na dakika ya kukataa mkia. Eau-de-vie ya tunda si tamu, na kwa sheria ya Ulaya kilevi chake hakipungui asilimia 37.5.

Fungu la pili ni liqueur. Humo kuna sukari, kwa kawaida gramu 100 kwa lita au zaidi, na kilevi kinaweza kuwa asilimia 15 tu. Ikiitwa crème, sukari inaanzia gramu 250, na crème de cassis inaanzia gramu 400 kwa lita. Hizo crème za matunda hazina maziwa hata tone. Mgeni asiyevumilia maziwa akikuuliza, mjibu bila wasiwasi.

Ukishagawa hivyo, mkato wa wageni hautakusumbua. Mtu akisema "une poire" baada ya kahawa anamaanisha une eau-de-vie de poire, yaani kinywaji kilichopikwa kwa peasi aina ya Williams. Wafaransa hutaja tunda peke yake na kuacha mengine. Kama nyuma ya kaunta kuna pia liqueur ya peasi, uliza "eau-de-vie ou liqueur?" na umemaliza. Angalia na jinsia, maana wenyeji wanaisikia haraka: une poire, une mirabelle, une quetsche, une framboise, une prune, une gentiane, lakini un kirsch, un marc, un calva, un cognac, un armagnac.

Chupa zenyewe sasa, za upande wetu huu.

Kirsch ni ya cheri. Bonde la Villé, si mbali na ulipo, linajulikana kwa kirsch, na upande wa pili wa milima ya Vosges kuna Fougerolles, ambako kirsch yao ilipata ulinzi wa jina, ule wanaouita AOC, mwaka 2010. Kuna jambo moja la jikoni ambalo ni lazima ulijue: ukiona lebo imeandikwa "kirsch fantaisie", hiyo ni kirsch iliyochanganywa na kilevi cha kawaida, ni ya kutia kwenye keki. Mezani peleka ile iliyoandikwa "pur kirsch". Mgeni aliyelipia kirsch akapewa ya keki amedhulumiwa, hata kama hakugundua.

Mirabelle ni plamu ndogo ya manjano, na kwao hasa ni Lorraine, upande wa Metz na Nancy. Inaiva mwezi wa nane, na Metz huifanyia sherehe kila mwaka. Quetsche, tamka "kwech", ni plamu ndefu ya zambarau iliyokoza, inaiva baadaye kidogo. Zote mbili ni plamu, lakini usimpe mtu moja badala ya nyingine ukadhani hatajua. Prune ni jina la plamu kwa ujumla, na ukikuta "vieille prune" utaona ina rangi ya kahawia kwa sababu imelala kwenye pipa la mwaloni. Hiyo ni ya kusini-magharibi. Tunda likikaushwa linaitwa pruneau, nalo ni jambo jingine kabisa.

Framboise ni rasiberi. Rasiberi ina sukari kidogo, ukiichachusha peke yake unapata kilevi kiduchu, ndiyo maana kwa kawaida hulowekwa kwanza kwenye kilevi halafu ndipo inapikwa. Ikifika puani ni tunda tupu, ikifika mdomoni, wanavyosema wanywaji, imeshaondoka. Halafu ziko za porini, za bei kubwa, ambazo wageni wa hapa hapa ndio huziomba: alisier, sureau, prunelle, na baie de houx. Hiyo ya mwisho tamka "be de u", kwa maana h na x hazisikiki. Ni vitunda vyekundu vya mti wenye majani ya miiba. Inahitaji matunda mengi mno kwa kinywaji kidogo, ndiyo sababu ya bei.

Un marc. Tamka "mar", c haitamkwi, na hapa ndipo wageni kutoka nje wanapojulikana. Marc ni makapi ya zabibu, maganda na mbegu vilivyobaki baada ya kukamua mvinyo, yakapikwa. Huku kwetu ni marc de gewurztraminer, na utaiona ikimwagiwa juu ya sorbet ya limau, ile barafu tamu ya matunda. Bourgogne wana ya kwao, na wanaoshea nayo jibini la Époisses. Masalia ya kahawa nayo yanaitwa marc, marc de café, basi ukilisikia jikoni usikimbilie kaunta.

La goutte aliyoomba mzee wako ni "tone". Ni jina la mapenzi la eau-de-vie ya aina yoyote, hasa ile ya nyumbani. Gnôle, tamka "nyol", ni hiyo hiyo kwa lugha ya mtaani, na wazee wa Alsace watakuambia schnaps. Ukitaka kuelewa kwa nini mzee anasema la goutte huku macho yanang'aa, jua habari ya bouilleurs de cru. Hao walikuwa wenye miti yao ya matunda waliokuwa na haki ya kupikiwa lita 10 za kilevi halisi bila kodi, na haki ile ilirithiwa kutoka mtu hadi mtu. Mwaka 1960 serikali ilikata urithi huo: aliyekuwa nayo alibaki nayo, mjane wake aliweza kuendelea nayo, watoto hawakuipata. Mwenye bustani bado anaweza kupeleka matunda yake yakapikwe. Kwa hiyo mzee akikuomba la goutte anazungumzia miti ya babu yake, mapipa ya plamu kwenye banda, na mtambo wa kukokotwa uliokuwa ukipita kijiji hadi kijiji majira ya baridi. Mimi nimehudumia wazee wa namna hiyo na nawaheshimu sana. Usimletee ya bei kubwa. Mwulize "Laquelle vous ferait plaisir?", yaani ipi itamfurahisha, atakuambia tunda la kwao.

Sasa namna ya kuzijua bila kuonja. Usiku ukifunga, kabla glasi hazijaoshwa, chukua zilizotumika ukijua ipi ilikuwa na nini. Glasi ikikauka, kilevi kimeruka na harufu ya tunda imebaki ukutani mwa glasi. Kirsch itakupa harufu ya kokwa, ile ya lozi chungu. Mirabelle iko karibu na asali. Poire ni peasi iliyomenywa sasa hivi, hutaikosea. Gentiane si tunda, ni mzizi wa milimani, nayo inanuka udongo uliochimbwa. Fanya hivyo jioni chache na pua yako itakuwa imezipanga zenyewe.

Na tafadhali, usiziweke kwenye friza. Wako wanaofanya hivyo na kugandisha hata glasi, lakini baridi kali inafunga harufu, na mgeni analipia harufu. Ziwe za ubaridi wa kiasi, kwenye glasi ndogo ya umbo la tulipu, isijazwe. Menyu nyingi huandika 4 cl, yaani sentilita 4, nyingine 2 cl. Fuata ya kwenu.

Za kahawia sitakuchosha nazo. Cognac ni ya zabibu za Charente, imepikwa mara mbili. Armagnac ni ya zabibu za Gascogne, nyingi hupikwa mara moja tu kwa mtambo wa mfululizo. Herufi za kwenye cognac ni umri wa chini: VS miaka 2, VSOP miaka 4, XO miaka 10 tangu 2018. Mtego uko kwenye "une fine Champagne": hiyo ni cognac, iliyotoka kwenye maeneo mawili ya huko huko yaitwayo Grande Champagne na Petite Champagne, na haina mapovu. Na kwa kuwa wewe ni wa nyumbani nikuambie, Konyagi yetu ya Dar es Salaam imepata jina huko lakini haihusiani na zabibu wala Charente, ukiulizwa na mtalii aliyerudi kutoka Zanzibar.

Mwana_Lubum:

Jambo bandugu. Mama amesema yote ya Alsace, mimi niongeze ya Normandie. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, napika Caen. Kifaransa nilizaliwa nacho, lakini haya maneno ya mezani nimeyajulia huku, shuleni kwetu hawakuyafundisha.

Huku mfalme ni calvados, na s ya mwisho inasikika. Watu wanasema "un calva". Inatoka kwenye cidre, ile pombe ya tufaha, ikapikwa, ikalala kwenye mti wa mwaloni miaka 2 kwa uchache. Ya Pays d'Auge lazima ipikwe mara mbili. Ya Domfrontais lazima iwe na peasi asilimia 30 au zaidi, na inakaa miaka 3. Mimi naipenda ya Domfrontais kuliko zote, ni laini, na nikichoma nyama ya nguruwe kwa krimu ndiyo ninayomwagia.

Kijana, mgeni wa Normandie akifika kwako anaweza kukuambia "le trou normand". Hiyo hainywewi mwisho, inakuja katikati ya chakula, kati ya samaki na nyama. Zamani ilikuwa glasi ndogo ya calva kavu. Leo mara nyingi ni sorbet ya tufaha iliyomwagiwa calva. Kitu chochote kilichomwagiwa hivyo kinaitwa arrosé: sorbet arrosé, café arrosé. "Un café-calva" ni kahawa na calva.

Wazee wa hapa kijijini wana ngazi zao. Kahawa ikiisha, wanatia calva kidogo kwenye kikombe kingali na joto: hiyo ni rincette, ya kusuuza kikombe. Wakiongeza tena, ni surrincette. Na "un canard" ni kipande cha sukari kilichochovywa kwenye kahawa au kwenye calva na kuliwa. Ukiwa mhudumu na mtu akasema "je vais faire un canard", mletee sukari ya vipande, si ya unga.

Muuguzi_Nakuru:

Hamjambo. Mimi siko kwenye hoteli, niko wodini, lakini neno digestif limenivuta. Wageni wako wakikuuliza kama kweli inasaidia tumbo, jibu la kitabibu ni hapana. Watafiti wa Zurich walichapisha mwaka 2010 kwenye British Medical Journal kazi moja nzuri sana: watu 20 wenye afya walilishwa fondue ya jibini, wakanywa divai nyeupe au chai ya rangi, kisha baadaye wakapewa kirsch au maji. Kilevi kilichelewesha tumbo kutoa chakula, hakikuharakisha. Ile hali ya kujisikia nafuu ipo, ila chakula chenyewe bado kimekaa. Kwa hivyo uwaambie ni desturi nzuri ya mezani, usiwaambie ni dawa. Hasa wanaoendesha gari usiku.

Kijana_Pangani:

Nashukuru sana, mama, na wewe kaka wa Caen, na dada muuguzi. Nimechapisha jibu la mama na kulibandika ndani ya mlango wa kabati langu la nguo kazini. Jana glasi nimezinusa: kirsch na poire nimezipata mara moja, mirabelle na quetsche bado zinanigonganisha.

Nina mawili yamebaki. La kwanza, kuna chupa ya kijani ya Chartreuse na ya manjano, je hizo ni za fungu gani? La pili, kuna chupa ya poire ambayo ndani yake mna peasi zima, kubwa kuliko mdomo wa chupa mara nyingi. Watoto wa wageni wananiuliza limeingiaje, nami sina jibu. Nimeangalia chini ya chupa, haijakatwa wala kuunganishwa.

Bibi_Kaunta:

Mirabelle na quetsche zitaachana, mwanangu. Zinuse mbili kwa mpigo, usinuse moja leo na nyingine kesho.

Chartreuse ni liqueur, ina sukari, lakini haina tunda la kulitaja. Inatengenezwa na watawa wa milima ya Chartreuse, karibu na Grenoble, kwa mimea 130, na mchanganyiko wake ni siri yao. Ya kijani ina kilevi asilimia 55, ya manjano ni pungufu na tamu zaidi. Swali lako kwa mgeni ni moja tu: "Verte ou jaune?" Kama kwenu kuna génépi na verveine, ziweke kwenye rafu hiyo hiyo, ni jamii ya majani.

Chupa yenye peasi inaitwa poire prisonnière, peasi mfungwa. Tunda limekulia humo. Maua yakishadondoka na peasi likiwa bado ni kitu kidogo cha kupita kwenye mdomo wa chupa, mkulima anachagua tawi, anapunguza majani, anaingiza kale kapeasi chupani pamoja na kikonyo chake, kisha anaifunga chupa kwenye tawi kwa kamba. Wengi huining'iniza mdomo ukielekea chini, ili mvua isijae humo na unyevu upate pa kutokea. Inabaki mtini hadi mwisho wa kiangazi. Nimesimama kwenye bustani ya namna hiyo mwezi wa saba: chupa zimening'inia mti mzima, na kwa ndani kioo kimetota jasho la tunda. Si zote zinazofanikiwa. Nyingine peasi linadondoka kabla ya wakati, nyingine linaoza, nyingine upepo unazigonganisha chupa zikapasuka. Likiiva, linakatwa kwenye kikonyo, chupa inaoshwa vizuri ndani na nje tunda likiwa humo, ndipo inajazwa eau-de-vie ya peasi. Waeleze watoto hivyo hivyo, na uwasogezee chupa waone kikonyo.

Na kwa kuwa chupa hiyo iko chini ya mkono wako, iangalie kila ukifunga. Peasi lazima lizame lote. Kinywaji kikipungua hadi sehemu ya juu ikabaki wazi, hapo juu patageuka rangi na kuharibika. Mwambie bosi mapema afungue chupa ya poire ya kawaida ya nyumba ile ile muiongezee.